Siku Tuliyokula Saba

Jumamosi ile tulikula tano. Mama aliponda ndizi za kupika kwenye chungu, akaziacha zipoe, kisha akachota kwa mwiko na kuichora tano juu ya sinia la bati: kofia, shingo fupi, tumbo kubwa. Mdogo wangu Kunda alitakiwa kuifuata kwa kidole kuanzia kwenye kofia mpaka mkiani, mara tatu, bila kuinua kidole. Akikosea, Mama aliisawazisha na kuanza upya. Akipatia, aliila. Mimi nilikuwa na miaka minane, nasoma darasa la kwanza, kwa hiyo tano yangu niliila kwa majivuno tu.

Nyumbani kwetu Akheri hatukusema tumejifunza tano. Tulisema tumekula tano. Nalitaja neno hilo mapema kwa sababu ndilo lililotuponza.

Mama alikuwa Mkikuyu, jina lake Nyambura. Baba yake alitoka Kenya kuja kupasua mbao katika msitu wa mlima Meru, upande huu wa mpaka, na Mama akakulia huku huku. Kabla ya kuolewa alikuwa yaya kwa memsabu mmoja mwenye shamba la kahawa upande wa chini wa Tengeru. Watoto wa memsabu walikuwa wadogo na shule ya Wazungu ilikuwa mbali, hivyo masomo yao yalikuja kwa posta katika bahasha nene, na memsabu aliwafundisha mwenyewe kwenye meza ya jikoni. Kila herufi aliioka iwe biskuti. Mtoto akiitambua, anaila. Mama alisimama nyuma ya viti vile kwa miaka mitatu, kitinda mimba wao mgongoni, hakukosa somo hata moja. Alipoondoka kwenda kuolewa, memsabu alimpa karatasi za masomo zilizokwisha kutumika. Sisi hatukuwa na jiko la kuokea wala unga wa ngano. Tulikuwa na ndizi.

Baada ya kula tano tulikwenda gulioni Tengeru. Wenzake Mama walikwenda kuuza na kununua. Yeye aliuza mkungu wake haraka haraka, halafu akaanza kuokota. Aliokota karatasi za majani ya chai zenye herufi kubwa. Akaokota vizibo vya chupa. Aliomba gunia tupu la unga kwa mwenye duka, na nyumbani tulizifuata herufi zake kwa sindano na uzi, kwa hiyo nilijua kushona herufi kabla sijajua kuziandika. Kwenye mafungu ya nyanya alisimama na kutuuliza, mafungu mangapi, kila fungu nyanya ngapi, mpaka wenye nyanya wakachoka nasi.

"Mama Aisia, takataka zote hizo za nini?" aliuliza jirani yetu, Mama Anaeli.

"Shule hiyo, Mama Anaeli."

Mama Anaeli alicheka, lakini macho yake yalibaki kwenye kapu letu. Kihamba chake, yaani shamba la migomba lenye nyumba yake, kilikuwa ng'ambo ya mfereji, mkabala na chetu. Kila asubuhi alivuka kuja kuomba kaa la moto, ingawa nilijua kwake moto haujazimika, kwa kuwa moshi wake niliuona. Sikumpenda. Mimi ni mtu wa kushuku tangu utoto, na nilianza na yeye.

Kisha habari za Kenya zikavuka mpaka. Watu walisema kule kuna hali ya hatari, kwamba Wakikuyu wamekimbilia misituni, kwamba Wazungu wanachinjwa vitandani na Waafrika wanapigwa risasi mchana kweupe. Wakikuyu wa huku kwetu wakaitwa kuandikishwa na kupewa vyeti vya kutembea navyo. Malori ya askari yakaanza kupita barabara ya Moshi. Mama alikitia cheti chake kwenye kifuko cha kitambaa na kukivaa shingoni, hata akiwa anapalilia.

Kitu kilichosemwa zaidi kilikuwa kiapo. Ilisemekana kuna watu wanakula kiapo porini, na kwamba kiapo hicho huliwa mara saba. Nani alileta habari hiyo Akheri, sijui, lakini kila mtu aliijua: kisimani, kanisani, kwenye vilabu vya pombe. Aliyekuwa haijui ni Mama peke yake. Nani angemwambia? Akifika mahali, watu walianza kuzungumzia mvua.

Mwalimu wetu, mtu mpole, alinishika bega siku moja wakati wenzangu wanaingia darasani.

"Aisia, kaa nyumbani kidogo mpaka mambo yatulie. Wazazi wananung'unika."

Hakunitajia wazazi gani. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawapitia mmoja mmoja, na kila mmoja niliona angeweza kuwa yeye.

Mama alisikiliza, akaendelea kumenya ndizi. "Basi shule itakuwa hapa," akasema. Halafu akaweka kisu chini. "Ila msimwambie mtu yeyote. Kule kwetu wanafunga shule za Wakikuyu na kukamata walimu. Mmesikia?"

Tulisikia.

Shule yetu ilikuwa kwenye uwanja mdogo nyuma ya nyumba, katikati ya migomba. Asubuhi tulihesabu kahawa kavu, kumi kumi, kwenye vizibo. Halafu kushona herufi. Halafu Mama alinipa karatasi za memsabu, zenye picha ya paka na kofia na maneno ya Kiingereza ambayo hata yeye hakuyajua. Alikuwa ameyakariri kwa sauti tu, kama alivyoyasikia yakisomwa jikoni. Mwisho wa yote tulikula namba. Wiki moja ilikwisha kwa sita, kwa sababu Kunda aliifuata kuanzia tumboni kila mara, na Mama hakuwa mtu wa kuruka somo.

Baba alifanya kazi kwenye shamba la kahawa la mzungu mwingine na alirudi nyumbani kila Jumamosi. Hakuwa amesoma, kwenye karatasi alitia kidole gumba. Wakati mwingine alisimama pembeni ya migomba akatutazama, mikono nyuma, kisha akaenda zake kukagua mibuni. Hakuwahi kuketi nasi. Alikuwa mtu mwema na mwoga, na sidhani kama alipata kumuuliza Mama swali lolote ambalo hakujua jibu lake.

Siku tuliyokula saba ilikuwa Alhamisi. Saba ni rahisi, na Kunda aliipata mara ya kwanza. Mama alifurahi mpaka akampiga busu la utosini. Nami nilimpeleka mferejini kunawa mikono, tukamkuta Mama Anaeli anaosha masufuria.

"Shikamoo, Mama," tukasema.

"Marahaba. Leo mmekula nini, mbona mnang'aa hivyo?"

"Tumekula saba," akasema Kunda. "Jumatatu tutakula nane."

Sufuria ilimtoka Mama Anaeli mkononi. Aliidaka kabla haijachukuliwa na maji.

"Mmekula saba?"

"Mama amesema tusi..."

Nikamziba mdomo. Nilimziba kwa nguvu, kwa mkono wenye maji, nikamvuta mpaka nyumbani huku analia. Nilipogeuka, Mama Anaeli alikuwa bado amechuchumaa vile vile, anatutazama. Sikumwambia Mama. Nilijiambia nikikaa kimya jambo litakwisha lenyewe.

Jumamosi Baba alirudi. Kunda alimpanda mapajani, akamnong'oneza kitu sikioni, akacheka. Baba hakucheka. Nilidhani amechoka.

Jumapili, baada ya ibada, Baba alibaki nje ya kanisa akizungumza na mshili wetu, yaani mzee wa ukoo, wakiwa wamesimama mbali na watu. Nilidhani ni mambo ya zamu za maji. Mimi jicho langu lilikuwa kwa Mama Anaeli, kuona anaongea na nani. Aliongea na watu wengi. Wote niliwaweka kichwani.

Jumatatu asubuhi Mama alikuwa anaponda ndizi za nane.

Baba alikuwa hajaondoka kwenda kazini, jambo lisilo la kawaida.

Walitokea pande zote mbili za migomba kwa pamoja. Askari sita wenye bunduki, na mzungu kijana, shingo yake imeungua jua. Nyuma yao alikuja mshili, kofia mkononi.

Mama alisimama na mwiko wake.

Waliingia ndani. Tulisikia kitanda kikipinduliwa. Walitoka na gunia lililoshonwa herufi, vizibo, na karatasi za memsabu. Mzungu alitazama picha ya paka, akaigeuza, akatazama nyuma, akaigeuza tena.

Askari mmoja alichuchumaa mbele ya Kunda. Alikuwa na sauti nzuri, ya mtu mwenye watoto.

"Mtoto, umekula ngapi?"

"Saba," akasema Kunda. Alijivuna kabisa.

"Nani alikulisha?"

"Mama."

"Na leo?"

"Nane."

Hakuna aliyecheka.

"Bwana, ni ndizi," akasema Mama. Aliinamisha chungu ili waone. "Ni namba. Nafundisha watoto namba."

"Hata wale wanaokula kiapo hutumia migomba," askari akamwambia mzungu.

Hapo ndipo nilipomwona Mama akielewa. Alitazama chungu, akamtazama mshili, akamtazama Baba. Kisha akaniambia kwa Kimeru, upesi, "Aisia, kimbilia kwa memsabu. Mwambie biskuti. Sema biskuti tu, ataelewa."

Nikapenya kati ya migomba. Nyuma mtu alipiga kelele nisimame. Sikusimama.

Nilikata mashamba kuelekea chini. Nilikuwa katikati ya mibuni ya wazungu niliposikia bunduki, mara mbili, karibu sana. Nikalala kifudifudi.

Mtu alikuja anakimbia kwenye mstari wa mibuni. Mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna.

Aliniona. Alifanya ishara kwa kiganja: lala hapo hapo.

Bunduki ikalia tena. Akaketi chini taratibu, kama mtu aliyechoka, kisha akaegemea mbuni na kahawa mbivu zikamwangukia. Askari walipofika walimvua kifuko cha shingoni. Kilikuwa sawa na cha Mama.

Walipoondoka niliinuka. Ilinibidi nipite karibu naye. Sikumtazama uso, na mpaka leo sijui kama nilimjua.

Nyumba ya memsabu ilikuwa imefungwa madirisha yote, mchana ule. Nilibisha mlango wa jikoni. Dirisha likafunguka kidogo. Memsabu alikuwa amevaa bastola kiunoni, juu ya aproni.

"Nani tuma wewe?"

"Mama. Nyambura. Yaya."

"Iko watu ingine nyuma?"

"Niko peke yangu."

Alitazama mibuni nyuma yangu, muda mrefu.

"Biskuti," nikasema. "Mama amesema biskuti."

Uso wake ulibadilika. Nilikuwa mtoto, lakini uso wa mtu anayekumbuka naujua. Alielewa. Ningeapa mbele ya hakimu yeyote kwamba alielewa.

"Mimi hapana jua," akasema, akafunga dirisha.

Niliporudi nyumbani Mama hakuwepo. Chungu kilikuwa kimepinduliwa, na kuku walikuwa wanadonoa nane yetu mchangani. Baba alikuwa ameketi chini ya kichanja cha kuanikia kahawa, kichwa magotini. Mama Anaeli alikuwa amempakata Kunda, anamfuta kamasi kwa kanga yake.

Nikamnyang'anya mdogo wangu.

"Ni wewe," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyesema."

Mama Anaeli alifungua kinywa. Akamtazama Baba. Baba hakuinua kichwa. Basi akakifunga, akakunja kanga yake, akavuka mfereji kurudi kwake. Kwangu mimi huo ulikuwa ushahidi tosha.

Tulisikia Mama amepelekwa Arusha kwa lori, kisha Kenya, kwenye kambi. Alikuwa hajapata kuishi Kenya katika maisha yake yote. Masika ya mwaka wa pili mwanamke mmoja aliyeachiliwa alipita kwetu kuleta habari. Alisema ni homa, wengi walikufa nayo, na kwamba walizikwa pamoja, hakuna anayejua nani yuko wapi. Alisema pia kwamba huko kambini Nyambura aliwafundisha watoto kuhesabu kwa kokoto, na kwamba hakuruhusu mtoto hata mmoja atie kokoto mdomoni. Alidhani habari hiyo ya mwisho itatuchekesha.

Mwezi mmoja baada ya Mama kuchukuliwa, Baba alichukua sinia, akaligonga kwa jiwe mpaka likanyooka, akaponda ndizi. Alimuuliza Kunda nane inakuwaje. Kunda hakujua, alikuwa hajaifikia. Mimi ndiye niliyemwelekeza: duara, na duara jingine chini yake, vishikane. Akaichora vibaya, duara la chini likawa kubwa kupita kiasi. Kunda aliifuata kwa kidole mara tatu. Kisha akalisukuma sinia mbele ya Baba.

"Kula wewe kwanza," akasema.

Mtoto wa miaka mitano. Baba alikula, machozi yanamdondoka kwenye ndizi. Nilimhurumia sana siku ile. Nilidhani najua analilia nini.

Nilikua, nikawa mwalimu wa watoto wadogo huko Kimandolu. Akina mama vijana hunijia kuniuliza wawafundisheje watoto nyumbani kabla ya shule, wanunue nini, waanzie wapi. Nawaambia waokote vizibo, washone herufi kwenye magunia, wahesabu nyanya gulioni. Habari ya ndizi siwaambii. Mtoto akitia herufi ya udongo mdomoni darasani, naitoa haraka kuliko inavyostahili, na wenzangu hunishangaa.

Kila nilipokwenda Akheri, sikumsalimu Mama Anaeli. Tulikutana kanisani, mferejini, misibani. Yeye alisimama kila mara, kidogo tu, kunipa nafasi ya kusema shikamoo. Nilipita. Aliyenifundisha adabu hakuwepo, nikajihalalishia kwa hilo. Nilifanya hivyo kwa miaka zaidi ya thelathini, na nakiri kwamba ilinipa raha.

Baba alizeeka, akapoteza meno, nikawa namlisha ndizi za kuponda kwa kijiko. Siku moja alasiri aliziba mdomo kwa mkono.

"Mimi ndiye niliyemuuliza mshili," akasema.

Sikuelewa. Nilikuwa nimeshikilia kijiko.

"Kunda aliniambia wamekula saba. Nikaingiwa na hofu. Nikamuuliza mshili, kula saba ni nini? Sikumshtaki mama yenu, Aisia. Niliuliza tu."

"Kwa nini hukumuuliza yeye?"

Alijifuta mdomo kwa ncha ya blanketi.

"Niliogopa atanijibu," akasema.

Nilimaliza kumlisha. Sina la kujisifu hapo. Mikono iliendelea yenyewe. Nilimchukia, kisha nikamwona alivyo mdogo ndani ya blanketi, nikashindwa hata hilo. Mtu mmoja aliuliza swali, na mshili akalipeleka mbele kwa kujilinda, na mzungu kijana akatazama picha ya paka, na memsabu akafunga dirisha. Hakuna kati yao aliyemtakia Mama kifo. Nimewapima wote kwa miaka mingi, na hata nikiwajumlisha, sipati mtu mmoja mwovu. Mama nimemkosa vile vile. Nami namhesabu pia mtoto aliyemziba mdogo wake mdomo kwa mkono wenye maji, wakati neno moja zaidi, ndizi, lingetosha.

Nilivuka mfereji siku ile ile. Mama Anaeli alikuwa ameketi mlangoni, macho yake yamefunikwa na ukungu wa uzee, anachambua maharage kwa kuyagusa.

"Shikamoo, Mama."

Vidole vyake vikasimama. "Marahaba. Ni nani?"

"Ni Aisia."

Kisha akasogeza ungo ili nipate pa kukaa. Sikukaa.

"Baba ameniambia," nikasema.

"Mimi aliniambia siku ile ile, kabla hujarudi. Alilia mpaka nikamshika."

"Na wewe ukaniacha nikuchukie miaka yote hii? Kwa nini hukusema?"

Alitafuta mkono wangu hewani mpaka akaupata.

"Mlikuwa mmebakiwa na mmoja," akasema. "Ningewanyang'anya na huyo?"